Dawa za kupaka kwa upara wa kurithi: ninavyozipanga kabla hujatoa pesa

Anayeingia famasi kutafuta dawa ya upara huuliza bei ya chupa. Ni swali la haki, lakini linamponza, kwa sababu chupa moja haitoshi kumrudishia mtu nywele. Dawa yenye ushahidi huanza kuonekana baada ya miezi minne hadi sita. Ukiiacha, nywele ulizozipata huondoka tena ndani ya miezi mitatu au minne. Kwa hiyo unachokilipia ni mwaka mzima wa kupaka kila siku, na baada ya hapo mwaka mwingine. Nimezipanga dawa hizi kwa vipimo viwili tu: ipi ina ushahidi, na ipi utaimudu bila kukatisha njiani.

Kabla ya yote, hakikisha upara wako ni wa kurithi. Kwa mwanaume nywele hurudi nyuma kwenye pembe za paji au hupungua utosini, taratibu, kwa miaka. Kwa mwanamke mstari wa mbele hubaki ulivyo, ila njia ya katikati inazidi kupanuka, na akisuka ngozi inaonekana zaidi juu ya kichwa. Hapo kuna urithi pamoja na homoni iitwayo DHT, inayotokana na testosteroni. Homoni hiyo hudhoofisha mashina ya nywele, kila mzunguko yakatoa nywele nyembamba na fupi kuliko zilizotangulia.

Yapo matatizo mengine ambayo dawa hizi si jibu lake, na ndiyo yanayopoteza pesa za wengi kwetu. Kingo za mbele na za masikioni zilizoliwa na rasta za kubana au wigi la gundi zinahitaji kwanza uache kuzivuta. Viraka vya mviringo vilivyotokea ghafla ni ugonjwa mwingine. Mapunye ya mtoto ni fangasi, na tiba yake ni vidonge. Nywele zinazopukutika miezi michache baada ya kujifungua kwa kawaida hurudi zenyewe. Ninalolihofia zaidi ni lile linalowapata hasa wanawake weusi: utosi unawasha, unauma au unachoma, kisha ngozi inakuwa laini na kung'aa, vitundu vya nywele havionekani tena. Hayo ni makovu. Kila mwezi unaopaka dawa ya upara peke yake, kovu linasonga mbele, na shina lililokwisha kuwa kovu halirudi. Dada yangu, ukiona dalili hizo, pesa ya chupa itumie kumwona daktari wa ngozi. Usidhani wataalamu wako Muhimbili peke yake: Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika tangu 1992.

Ukishajiridhisha, orodha yangu ni hii.

1. Minoksidili ya maji, asilimia 5, isiyochanganywa na kitu

Hii ndiyo ningeanza nayo kwa mwanaume yeyote mwenye afya njema, na kwa wanawake wengi waliosuka. Minoksidili ilianza kama kidonge cha presha. Kampuni ya Upjohn ya Marekani ilipata kibali cha kidonge hicho mwaka 1979, na wagonjwa waliokimeza wakaota nywele usoni, mikononi, mgongoni. Ndipo ikatengenezwa ya kupaka, na mwaka 1988 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaidhinisha Rogaine ya asilimia 2 kwa wanaume. Ya asilimia 5 ilifuata miaka ya tisini. Katika jaribio la wiki 48 kwa wanaume, ya asilimia 5 iliotesha nywele kwa asilimia 45 zaidi kuliko ya asilimia 2.

Hataza ya dawa hii ilikwisha zamani, na hilo ni neema kwa mnunuzi. Rogaine, ambayo Uingereza inauzwa kwa jina la Regaine, Kirkland ya Marekani, Tugain na Mintop za India: ndani ni dawa ileile. Tafuta kwenye boksi neno Minoxidil na 5%. Zikiwa zote zimesajiliwa, chukua ya bei nafuu bila kujiona umejipunja.

Hesabu yake ni nyepesi. Kipimo ni mililita 1 asubuhi na mililita 1 jioni, kwa hiyo chupa ya mililita 60 ni ya mwezi mmoja. Muuzaji akikuambia chupa hiyo utakaa nayo miezi mitatu, anakufundisha kupunguza dozi. Zidisha bei kwa 12, uitazame hiyo jumla kwa utulivu. Ikikushinda, afadhali usianze kuliko kupaka miezi mitatu na kuacha.

Uzuri wa ile ya maji ni dropa yake. Mwenye nywele ndefu au mwenye mistari anaweza kudondosha moja kwa moja kwenye ngozi, msuko usiharibike. Ubaya wake ni propilini glaikoli, kimiminika kinachosaidia dawa kuyeyuka na kupenya, ambacho baadhi ya ngozi hazikipatani nacho: kichwa kinawasha, kinatoa magamba kama mba. Ikikutokea hivyo, nenda kwenye namba mbili.

2. Minoksidili ya povu, asilimia 5

Dawa ileile bila propilini glaikoli. Inakauka haraka, haiachi mafuta, na kichwa chenye nywele fupi kinaipokea vizuri sana. Nimeiweka ya pili kwa sababu mara nyingi ni ghali zaidi na hupatikana kwa shida. Joto nalo ni kikwazo: povu likigusa kiganja cha moto linayeyuka kabla halijafika kichwani. Nawa mikono kwa maji baridi, ikaushe, ndipo ubonyeze. Kopo lisikae garini wala karibu na jiko, kwani ndani kuna spiriti na gesi yenye kushika moto.

Kwa wanawake hesabu inabadilika, na hapa wengi hawaambiwi. Mwanaume hupaka povu mara mbili kwa siku, hivyo kopo la gramu 60 ni la mwezi. Mwanamke hupaka mara moja tu, kwa hiyo kopo hilohilo linamfikisha miezi miwili. Kwa mwanamke asiyesuka, anayeweza kulipata, mimi ningeliweka namba moja.

3. Minoksidili ya asilimia 2

Hii ilikuwa ya wanawake kwa miaka mingi, na bado inafaa kwa yule ambaye ya asilimia 5 imemwotesha manyoya mashavuni. Hupakwa mara mbili kwa siku. Mwanaume hana sababu ya kuinunua, isipokuwa ngozi yake imekataa ile yenye nguvu.

4. Shampuu ya ketokonazoli, asilimia 2

Hii ni msaidizi. Kazi yake inayojulikana ni kuua fangasi wa mba, na ziko tafiti ndogo zinazoashiria kwamba inasaidia nywele pia. Mwenye upara na mba pamoja anufaike nayo mara mbili kwa wiki, aiache kichwani dakika chache kabla ya kusuuza. Asiye na mba pesa hiyo aiongeze kwenye minoksidili. Hukausha nywele zetu, kwa hiyo paka mafuta ya kulainisha baadaye kwenye nywele, si kwenye ngozi.

5. Michanganyiko yenye finasteridi

Sijaiweka chini kwa sababu haifanyi kazi. Finasteridi hupunguza DHT, chanzo chenyewe. Tatizo ni kwamba dawa hii hupenya na kuingia kwenye damu, na chupa nyingi zinauzwa kana kwamba ni losheni. Mwaka 2025 FDA ilitoa tahadhari kuhusu finasteridi za kupaka zinazochanganywa na famasi, baada ya kupokea taarifa za watumiaji waliopungukiwa na nguvu za tendo la ndoa, waliopata wasiwasi na msongo wa mawazo. Mjamzito hatakiwi hata kuigusa, kwa kuwa inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume aliye tumboni. Fikiria mto na taulo mnavyochangia nyumbani. Soma boksi mstari kwa mstari: zipo chapa ambazo jina lao limeongezwa herufi moja tu, na hiyo herufi ndiyo finasteridi. Inunue kwa cheti cha daktari.

Zilizobaki, ambazo nakuomba uziache

Minoksidili ya asilimia 10 au 15 haijathibitishwa kuishinda ya asilimia 5, na huongeza kuwashwa na dawa kuingia mwilini. Mafuta ya mnyonyo, habbasoda, karafuu na nazi yanalainisha nywele ulizonazo. Kuyapaka si kosa, kosa ni kuyalipia bei ya dawa. Rozimari ina jaribio moja la mwaka 2015 lililowahusisha watu 100, likaonyesha matokeo yaliyokaribiana na minoksidili ya asilimia 2. Jaribio moja dogo ni kidogo mno kwangu kuipa nafasi kwenye orodha.

Kikopo kisicho na lebo ya viambato, kinachouzwa mtandaoni kwa picha za kabla na baada, usikiguse. Huwezi kujua kama ndani kuna steroidi kali ya kukondesha ngozi.

Ukishainunua minoksidili

Kati ya wiki ya pili na ya nane nywele zinaweza kupukutika zaidi kuliko mwanzo. Nywele kuukuu zinaondoka kupisha mpya, na hapa ndipo watu wengi hutupa chupa. Vumilia. Utosi huitikia vizuri kuliko pembe za paji, na upara wa miaka ya karibuni huitikia vizuri kuliko kichwa kilichokwisha kung'aa.

Paka kichwa kikiwa kikavu, na usikioshe kwa saa nne. Kwa anayeswali, kwa kuwa wudhu unapitisha maji kichwani, wakati rahisi ni baada ya Alfajiri na baada ya Isha. Iache ikauke saa mbili kabla ya kulala, isije ikahamia kwenye mto na kuotesha nywele usoni. Ukisahau asubuhi, usifidie jioni kwa kupaka mara mbili.

Mwenye ugonjwa wa moyo au anayetumia dawa za presha aongee na daktari kwanza. Mjamzito, anayenyonyesha na aliye chini ya miaka 18 wasiitumie. Moyo ukienda mbio, kifua kikiuma, kizunguzungu kikikushika au miguu ikivimba, acha siku hiyohiyo uende hospitali.

Na tafadhali ifungie. Kijiko kimoja cha chai cha dawa ya asilimia 5 kina miligramu 250 za minoksidili, wakati mgonjwa mzima wa presha hapewi zaidi ya miligramu 100 kwa siku. Mtoto akiinywa ni dharura ya kumkimbiza hospitali. Paka wa nyumbani naye anaweza kufa kwa kulamba kiasi kidogo tu, hivyo asikulalie kichwani wala kwenye mto wako.

Kuhusu bandia: jina linalotafutwa sana ndilo linaloigwa sana. Kagua lakiri, namba ya toleo iwe moja kwenye boksi na kwenye chupa, na tarehe ya kuisha muda isiwe imebandikwa juu ya nyingine. Usajili unaweza kuuangalia kwenye orodha ya mamlaka ya dawa: TMDA kwa Tanzania au Pharmacy and Poisons Board kwa Kenya. Dai risiti.

Boksi la chupa sita hupunguza bei ya kila mwezi, lakini usilinunue siku ya kwanza. Chukua chupa moja, paka wiki mbili, utazame ngozi yako inasemaje. Ikikubali, rudi uchukue sita, na hakikisha muda wake wa kuisha uko mbele ya mwezi utakaofungua ile ya mwisho.