Springi fupi au mifuko ya upepo? Miaka mitano na C10 yangu iliyoshushwa

Nina pikapu ya Chevrolet C10 ya mwaka 1969, ile ya bodi fupi. Nimeiendesha ikiwa imeshushwa kwa njia zote mbili: miaka miwili kwa springi fupi, kisha miaka mitatu kwa mifuko ya upepo, yaani mifuko ya raba inayojazwa upepo na kukaa mahali pa springi. Kila anayeiona huniuliza ipi bora. Huwa namrudishia swali: gari lako hubeba nini, na mara ngapi? Nilipoanza sikujiuliza hivyo, nikalazimika kufanya kazi ileile mara mbili.

Mwanzoni nilitaka ikae chini tu, basi. Mbele nilifunga spindo za kushushia, yaani vyuma vinavyoshika magurudumu ya mbele, ambazo kitovu cha gurudumu kimepandishwa inchi 2.5, pamoja na springi zilizo fupi kwa inchi 2. Spindo za aina hii nazipenda sana, maana gari linashuka ila springi inabaki na nafasi yake yote ya kubonyea. Lakini C10 ya 1969 ilitoka kiwandani na breki za ngoma mbele. Za diski zilikuja kuwa za kawaida mwaka 1971. Spindo nilizopata zilikuwa za diski, kwa hiyo nikabadilisha na breki pia. Sikujuta hata kidogo. Gari zito lenye breki za ngoma linahitaji diski hata kama hulishushi.

Nyuma nilishusha inchi 6, na hapo ndipo mambo yalipoanza. Ekseli ya nyuma ya C10 yenye springi za mviringo huzuiwa isicheze kushoto na kulia na fito moja ya chuma, ncha moja kwenye chesisi na nyingine kwenye ekseli. Ukilishusha gari, ile fito inabadili mlalo wake na kuivuta ekseli upande. Kwangu ilisogea karibu sentimita mbili: tairi moja likawa limejificha ndani ya bodi, la pili linachungulia nje. Niliendesha hivyo wiki tatu nikidhani bodi ndiyo imepinda. Dawa yake ni fito ndefu inayorekebishika, na ningeinunua siku ileile niliyonunua springi.

Baada ya hapo, kusema kweli, gari lilikuwa raha. Likiwa tupu lilikata kona kama gari dogo, halikuyumba, na kwa miezi sikuwa na cha kukagua zaidi ya bushi na nati. Ukishafunga, umemaliza.

Halafu nikabeba injini na gia boksi ya rafiki yangu. Kwenye tuta la kwanza nilisikia mlio mmoja mzito chini ya kiti. Nilipofika nililala chini ya gari na tochi. Juu ya ekseli, ubavuni mwa chesisi, rangi ilikuwa imebanduka kwa upana wa vidole vitatu, chuma kikiwa cheupe, na ile raba ya kuzuia imepasuka katikati. Ekseli ilikuwa imemaliza nafasi yake na kugonga chesisi. Ukishusha nyuma kiasi hicho, chesisi inatakiwa ikatwe upinde juu ya ekseli na kuchomelewa chuma cha kuimarisha. Mimi nililiruka hilo. Usiliruke. Na usikate springi kwa moto ili uifupishe. Joto linaharibu ugumu wa chuma, na springi iliyopikwa inaweza kuvunjika.

Hapo ndipo nikahamia upepo, magurudumu yote manne. Mifuko minne, kompresa ya umeme wa volti 12, tangi la lita 19, valvu, geji na mipira ya kupitishia upepo. Kompresa hujizima presha ya tangi ikifika psi 145 na kuwaka ikishuka hadi 110. Upinde wa chesisi niliukata safari hii, kwa sababu gari la upepo linalala chini zaidi kuliko lile la springi.

Asubuhi ya pili nilikuta kona ya mbele kushoto imelala. Nilichukua brashi na maji ya sabuni nikapaka kila kiungio kimoja kimoja. Kwenye kiungio cha valvu likatokea povu dogo, mfano wa punje za dengu, likivimba na kupasuka polepole. Nilichomoa mpira: ulikuwa umekatwa kwa koleo, mdomo wake umebonyea na umekaa mshazari. Nikaukata upya kwa kisu kikali, mraba kabisa, nikaurudisha, kona ikakaa juu wiki nzima. Kuvuja kwingi nilikokutana nako kulitokana na mkato mbaya, mfuko wenyewe ukiwa mzima.

Wengi hudhani upepo maana yake ni ulaini. Sivyo. Mfuko unabeba uzito, shokomzoba ndiyo inatuliza. Shokomzoba mbovu zitalifanya gari lidunde vilevile. Kadiri unavyoongeza upepo ndivyo mfuko unavyokuwa mgumu. Tena utaliendesha kwa kimo kimoja tu, kile ulichopigia alaimenti, yaani ulichokipangia mlalo na mwelekeo wa magurudumu. Nilipokuwa na tabia ya kutembea chini zaidi ili lipendeze, tairi za mbele ziliisha upande wa ndani, nje zikiwa bado na meno mazima.

Mahali upepo ulipoonyesha thamani yake ni nyuma. Likiwa tupu naweka psi 45. Nikipakia mzigo mzito naongeza hadi 80, gari linarudi kwenye kimo chake na taa zinaangalia barabara badala ya miti. Springi fupi haiwezi kufanya hivyo.

Lakini mbele kuna injini, na uzito wa injini haubadiliki leo wala kesho. Kwa miaka mitatu mifuko ya mbele ilikaa kwenye presha ileile, ikinipa kazi ya kutafuta uvujaji tu. Mwezi uliopita nimeitoa na kurudisha spindo na springi. Nyuma nimeacha mifuko miwili, kila mmoja na valvu yake. Ukiiunganisha kwa mpira mmoja, kwenye kona upepo unakimbilia upande usioelemewa na gari linalala.

Kama pikapu yako haibebi mzigo, funga springi, kata upinde, nunua fito ndefu, uendeshe. Kama inabeba, weka upepo nyuma. Kompresa ifunge na rilei (swichi ya umeme inayobeba mkondo mkubwa) na fyuzi iliyo karibu na betri, mifuko ikae mbali na ekzosi, na tangi limwage maji mara kwa mara. Langu nalifungulia kila Jumamosi, na hadi leo hutoka kijiko kimoja cha maji yenye rangi ya kutu.