Intakomu ya helmeti: miezi 8 ya kupiga soga tukiwa mwendoni

Kwa miaka mingi nilikataa kufunga spika ndani ya helmeti yangu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Jumatatu hadi Ijumaa nasikiliza vinywa 40 vikisema kwa pamoja, kwa hiyo Jumamosi nikipanda pikipiki nilitaka kusikia injini na upepo, basi. Kilichonivunja ni pancha. Dada anayefunga msafara wetu alipata pancha ya gurudumu la nyuma, akapiga honi, akawasha na kuzima taa weee, sisi huko mbele tumenogewa na kona zetu. Tulikuja kuhesabu vichwa baada ya kilomita 20 hivi, tukajikuta 6 badala ya 7. Tuliporudi alikuwa ameketi juu ya jiwe, helmeti mapajani, na hakutusemesha mpaka jioni. Wiki hiyohiyo watano waliagiza intakomu (vifaa vya kuzungumza kutoka helmeti hadi helmeti) za aina moja, na mimi nikawa wa sita.

Jina la kampuni nalihifadhi, maana kuna mahali nitalalamika, na lalamiko lenyewe nadhani linagusa vifaa vingi vya namna hii. Chenyewe ni kidude cha ukubwa wa kiberiti kinachobandikwa ubavuni mwa helmeti, upande wa kushoto, ili mkono wa kulia ubaki kwenye mafuta. Ndani kuna spika mbili bapa za milimita 40 na maiki yenye sponji inayokaa mbele ya mdomo.

Kinaunganisha watu kwa mtindo wa meshi, na hapo ndipo pesa yako inapokwenda. Intakomu za kawaida za Bluetooth huunganishwa kama mnyororo: wa kwanza ameshikana na wa pili, wa pili na wa tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Aliye katikati akisimama kuchimba dawa, msafara unakatika vipande viwili, na kuurudisha ni kazi ya kusimama wote na kubonyezana vitufe. Meshi ni kama wavu wa mvuvi. Kila kifaa kinazungumza na vyote vilivyo karibu nacho na kupokezana sauti za wengine, kwa hiyo fundo moja likifumuka mengine yanaendelea kushikana. Mtu akipotea na kurudi, anaungwa mwenyewe bila kugusa chochote. Mara nyingi anarudi katikati ya sentensi. Mzee wetu alipotea nyuma ya kilima akiwa anasema "unajua kosa la vijana ni", na alipotokea upande wa pili tukamsikia akimalizia "ndiyo maana tairi linaisha katikati." Hatujui kosa ni lipi mpaka leo.

Boksi linadai kilomita 1.6 kati ya pikipiki mbili. Labda kwenye barabara iliyonyooka kama rula, pasipo kilima, pasipo lori, pasipo mti. Mawimbi haya hayapendi kupenya mlima. Kwenye barabara ya kona nyingi sisi tunapata kama mita 400 kabla sauti haijaanza kukatikakatika, na nimeipima kwa vigingi vya pembeni mwa barabara, si kwa kukisia. Mita 400 zinatosha. Ukiwa mbali kuliko hapo na wenzako, hamsafiri pamoja, mnafuatana tu.

Sasa soga lenyewe. Nilidhani tutakuwa tunapeana taarifa kama marubani: kulia, kushoto, punguza, tumefika. Kumbe taarifa ni robo ya maneno. Zinazobaki ni porojo tupu, na porojo hizo ndizo zilizonifanya nikipende kidude hiki. Kaka anayeongoza husoma kila kibao anachopita kwa sauti ya mtangazaji. Fundi husikiliza pikipiki za wengine kupitia maiki zao na kutoa hukumu: "Mwalimu, mnyororo wako unalia, uliupaka grisi lini?" Nikamwambia wiki iliyopita. Akanyamaza kidogo. "Wiki iliyopita ya mwezi gani?" Tuliposimama aliubonyeza kwa kidole sehemu ya chini, ukacheza juu na chini karibu sentimita 6, wakati kitabu cha pikipiki yangu kinataka kati ya 2.5 na 3.5.

Ubishi mkubwa kuliko wote ulikuwa juu ya kukata kona. Kijana mgeni wa kundi alisema ukitaka pikipiki ilale kushoto unasukuma mkono wa kushoto wa usukani mbele, yaani unaugeuza kidogo sana kuelekea kulia kwanza. Mzee akasema huo ni upuuzi, yeye kaendesha tangu kijana huyo hajazaliwa na hajawahi kusukuma kitu, anainamisha mwili tu. Bila intakomu ubishi huo ungesubiri kituo, na kituoni hakuna wa kuuamua. Safari hii tulikuwa kwenye barabara pana, nyeupe, haina gari. Kijana akasema kwa adabu zote: "Mzee, shikamoo yako naiheshimu. Sukuma kushoto kidogo tu, kama unasukuma mlango wa chumba cha mgonjwa." Tukasikia upepo. Upepo. Kisha: "Mh." Halafu tena, kwa sauti ya chini: "Mh!" Nilikuwa nyuma yake nikaona pikipiki ikilala kushoto, ikarudi, ikalala kulia, kama mtoto aliyegundua mwangwi. Kijana alikuwa sahihi, na ndivyo kila mmoja wetu anavyofanya akishapata mwendo, ajue asijue.

Lalamiko langu liko kwenye maiki.

Maiki haikai wazi muda wote. Kuna programu inayosikilizia na kuamua hii ni sauti ya mtu au ni upepo, na ikisharidhika ndipo inapofungua mlango. Kuridhika huko kunachukua muda mfupi mno, lakini muda huo unatosha kumeza silabi moja au mbili za mwanzo. Ukienda taratibu huoni tatizo. Ukifika kilomita 90 kwa saa, upepo umekuwa mkali, programu inazidi kuwa na wasiwasi na inameza zaidi. Aliyeitengeneza huenda hakuliona hilo kuwa kasoro kubwa. Lakini Kiswahili kinaweka ukanushi mwanzoni mwa kitenzi. Kiambishi cha katazo kikimezwa, kinachobaki kinaweza kuwa amri kamili, sahihi kisarufi, na kinyume cha ulichosema.

Tulikuwa nyuma ya lori refu. Kiongozi alishalipita na kuona gari linakuja. Akasema: "Usilipite!" Kilichofika masikioni mwetu ni "lipite!" Kijana, wa tatu kwenye mstari, akaanza kutoka. Namshukuru Mungu alikuwa amefundishwa kuamini macho yake kabla ya masikio. Alichungulia, akaona taa, akarudi nyuma ya lori, na gari likapita tukiwa tumebana pumzi. Tulisimama mahali pa kwanza palipofaa. Kiongozi anaapa kasema usilipite, sisi wanne tunaapa kasema lipite, na nikagundua kwamba wote hatukuwa waongo. Nimefundisha viambishi vya ukanushi zaidi ya miaka 10. Sijawahi kuona kimoja kikikaribia kuua mtu.

Tuliandika barua pepe kwa kampuni. Jibu lilikuja baada ya siku 9, likatushauri tusasishe programu na kusogeza maiki karibu na mdomo. Vyote tulivifanya, vimesaidia kiasi. Kilichosaidia kweli ni kubadilisha namna ya kusema. Hakuna tena usi wala hatu kwenye intakomu. Badala ya usilipite tunasema "baki nyuma, baki nyuma", mara mbili. Badala ya haipitiki tunasema "imefungwa". Neno kama baki likimezwa kichwa linabaki ki, ambalo halina maana, na mtu anauliza. Na kila anayetaka kusema jambo zito anaanza na "jamani", neno la kutupa, ili programu imeze "jamani" hiyo ishibe, na ujumbe upite mzima. Na habari ya kupita gari imetoka kabisa mikononi mwa intakomu: kila mtu anapita kwa macho yake.

Kwa hiyo kama unanunua, usijaribu maiki dukani. Ifunge, toka na mwenzako, fikeni mwendo mnaosafiria kweli, kisha mwambie sentensi tatu zinazoanza na ukanushi, uone amesikia nini. Jaribio hilo lina faida kuliko nyota zote zilizochorwa kwenye boksi.

Nisiwe mchoyo wa sifa, maana baadhi ya niliyoyalaumu mwanzoni yalikuwa makosa yangu. Wiki mbili nzima nilisema spika ni dhaifu. Fundi akaingiza mkono kwenye helmeti, akasogeza spika kama upana wa kidole kuelekea nyuma, na nikaruka kwa kelele. Spika hizi hazisamehe: lazima zitazame tundu la sikio, si shavu. Helmeti nyingi za siku hizi zina vishimo vya kuzipokea. Yako kama haina, usichonge lile povu gumu la ndani ili kupata nafasi, maana ndilo linalobonyea badala ya fuvu lako siku ya kuanguka.

Kitu cha pili kilichonishangaza ni viziba masikio. Mwendo wa barabara kuu, upepo ndani ya helmeti unaweza kukaribia au kufika desibeli 100, na wataalamu wa afya kazini nchini Marekani wanaweka kikomo cha dakika 15 kwa siku kwa kelele ya kiasi hicho. Sisi tunakaa humo masaa. Nilikuwa naongeza sauti ya spika kushindana na upepo, jioni masikio yanavuma. Dada wa mwisho ndiye aliyeniambia nivae viziba vya povu kisha niongeze sauti kidogo tu. Nilicheka. Kuziba masikio ili usikie? Lakini ndivyo ilivyo: kiziba kinapunguza vyote, ila mngurumo wa upepo unazama na maneno yanabaki juu. Sasa sitoki bila navyo, niwe na intakomu nisiwe nayo.

Betri: boksi linasema saa 13, mimi napata 9 tukiwa tunaongea mfululizo, na tunaongea mfululizo. Inachajiwa kwa waya wa kawaida wa simu. Mvua imetunyea mara nne, mojawapo saa mbili bila kupumua, na hakuna iliyokufa. Ina daraja la IP67, maana yake vumbi halipenyi na inastahimili kuzamishwa mita 1 kwa nusu saa, mradi kifuniko cha tundu la chaji kimefungwa. Chetu kimoja kilichoingia maji, mwenyewe alikiri hakukifunga. Muziki sijasikiliza hata siku moja, kwa hiyo siwezi kuusemea.

Vitufe vinabonyezeka ukiwa na glavu nene, na kimojawapo kinazima maiki kwa mguso mmoja. Hicho ndicho kitufe ninachokipenda kuliko vyote. Tumekubaliana kwamba tukiingia kwenye kona za mlima ni kiongozi peke yake anayesema, na anasema mambo matatu tu: changarawe, gari, mnyama. Wengine tunazima. Ninaupata tena ule ukimya wangu wa zamani, injini na upepo, na bado najua kwamba mtu wa mwisho akipata pancha nitamsikia.

Wa saba ndiye hajanunua. Ana intakomu ya zamani ya Bluetooth ya kampuni nyingine, na ingawa inawezekana kumuunga kupitia kifaa cha mmoja wetu, anayemuunga analalamika sauti inakuwa kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Tulijaribu safari mbili tukaacha. Kwa hiyo bado tunampa ishara za mkono kama zamani: mguu ukitolewa pembeni kuna shimo, kiganja kikishushwa punguza mwendo, ukipiga tangi unataka mafuta. Siku ile ya lori alikuwa nyuma ya kijana. Alimwona kiongozi ameshusha kiganja, akatulia mahali pake, na tuliposimama kugombana alitushangaa kwa nini tunahema.