Chujio la mawe ya zeolaiti: mawe nayakubali, maneno ya muuzaji punguza

Naandika mara moja maana naulizwa sana kuhusu hili chujio la maji. Kazi linafanya, ila sio kazi zote nilizotajiwa dukani.

Mi nakaa huku Ihumwa, Dodoma, maji ya kisima, na jirani ni fundi betri za magari, anayeyusha risasi (ile metali ya sumu ya kwenye betri) hapohapo uani, ndo maana nikalitafuta. Ni ndoo mbili zimebebana, ya juu imejaa vijiwe vya kijivu, ndo zeolaiti yenyewe. Maji yanashuka taratibu mno, unasonga ugali unakula unaosha vyombo ndo jagi linajaa, na usilazimishe maana yakikimbia jiwe halipati muda wa kunasa kitu. Ndani ya jiwe kuna vitundu vidogo sana vimeshika sodiamu na kalsiamu, risasi ikipita jiwe linaachia sodiamu linabaki na risasi. Sio uganga huo, hata ajali ya Chernobyl 1986 walitumia jiwe la aina hii kunasa siziamu ya mionzi. Nilipima maji maabara kabla na baada, risasi ikashuka chini ya kiwango cha WHO, miligramu 0.01 kwa lita.

Sasa muuzaji eti linatoa na chumvi, na floraidi, na linaua vijidudu. Fiksi tupu! Floraidi ina chaji hasi na jiwe linavuta zenye chaji chanya, kwa hiyo ndugu zangu wa Singida mnaohangaika na meno ya kahawia hiki sio chenu, ulizieni mkaa wa mifupa kama wa kule Arusha. Chumvi ipo palepale, chai bado ina ladha yetu ya Dodoma. Na kuchemsha bado nachemsha, kwa ajili ya vijidudu, maana risasi haiondoki kwa moto hata uchemshe mpaka kesho.

Halafu maji yetu magumu, yaani yana kalsiamu nyingi, nayo inagombea nafasi humohumo kwenye jiwe, so linachoka mapema. Nalilowesha kwenye maji ya chumvi usiku kucha linapata nguvu, japo sio kama jipya, na yale maji msimwagie mchicha jamani, risasi imo humo. Kwenye boksi hawajaandika hata mstari mmoja kuhusu hilo. Nimerudi kuulizia mawe ya kubadilisha naambiwa ninunue seti nzima upya!

Nyota tatu. Ya nne nawapa siku wakianza kuuza mawe kwa kilo.