Yadi ya kupakia mitambo, Kizota, Dodoma: nyota tatu

Nilipeleka greda na trekta mbili zipakiwe kwenye lobedi, lile trela la chini la kubebea mitambo, kwenda Singida. Mlinzi alinipokea vizuri: "Shikamoo mzee, egesha popote." Hapo hapo moyo ukanishtuka. Nimepanga magari kwenye meli bandarini Dar es Salaam, ya kiraia na ya jeshi, na huko neno "popote" halipo. Gari la deraya, lile la kivita, hupimwa urefu, upana, kimo na uzito, kitovu cha uzito kikawekewa alama ubavuni, kisha huegeshwa uwanjani kwa zamu ya kuingia melini. Litakalotangulia kushuka hupakiwa mwisho. Wamarekani wana hata programu ya kupanga hayo, ICODES.

Hapa greda langu lilizibwa na malori ya alizeti. Saa mbili na nusu nzima tunatafuta madereva, wengine wako kwa mama ntilie. Vumbi la Dodoma nalo usiseme.

Ila kwenye kufunga mzigo, nawavulia kofia. Utingo mmoja, kijana mdogo tu, alikaza minyororo kwa kukingamisha, akaweka kabari kila tairi, akarudia kukagua bila kuambiwa. Bei ya kawaida. Wachore mistari ya chokaa tu, nitarudi.