Ununue tikiti ya kilima kipi Upper Peninsula?

Kwa aliyekulia Moshi, kusikia vilima vya kuteleza kwenye theluji vya Upper Peninsula, rasi ya kaskazini ya jimbo la Michigan, Marekani, vikiitwa milima ni kujikaza usicheke. Kirefu kuliko vyote, Mount Bohemia, kina futi 900 kutoka kileleni hadi chini, yaani kama mita 274. Theluji, hata hivyo, usiichekee. Upepo baridi hupita juu ya Ziwa Superior, hubeba unyevu wake, na ukifika nchi kavu humwaga wote. Msimu wa 1978–79 kaunti ya Keweenaw ilipata inchi 390.4, karibu mita 10.

Orodha hii ni ya mtu anayenunua tikiti kwa mara ya kwanza au ya pili, pengine ana watoto. Mzoefu aisome kuanzia chini.

1. Big Powderhorn, Bessemer. Futi 622, na miteremko ya wanaoanza haijafichwa pembeni kama adhabu. Nyumba za kulala ziko pale pale chini ya kilima, kwa hiyo mtoto akichoka saa saba mchana hakuna ugomvi wa nani arudi naye. Kutoka Minneapolis ni mwendo wa kama saa nne. Tena Bessemer hufuata saa za Minneapolis na Chicago, tofauti na Marquette iliyo saa moja mbele. Waliojiandikisha somo la saa tatu asubuhi kule Marquette wakafika limeshakwisha wanalijua hili.

Hapa, na kokote uendako, usikimbilie tikiti ya siku nzima ya lifti, yaani mtambo wa kukupandisha kilimani. Ulizia kifurushi cha wanaoanza: somo, vifaa vya kukodi, na lifti ya mteremko wa chini tu. Mara yangu ya kwanza, mahali nisipopataja, nililipia kilima kizima kisha nikashinda kwenye kipande cha chini, nikipitwa na watoto wa miaka mitano wasio na fimbo. Buti za kukodi nazo zijaribu kwa soksi moja nene, si mbili. Ukizidisha soksi mguu hubanwa, damu haipiti vizuri, na baridi inaingia. Suruali ya jinzi iache nyumbani. Inanyonya maji kisha inaganda kama ubao.

2. Marquette Mountain. Futi 600, dakika chache kutoka mjini. Inamfaa aliye na wenzake wasiotaka kuteleza: wao wana mikahawa na maduka, wewe una kilima, na kutoka juu unaliona Ziwa Superior. Miteremko yake ni mikali kidogo kuliko ya Powderhorn, ndiyo maana ikawa ya pili.

3. Mont Ripley, Hancock. Futi 440, mali ya chuo kikuu cha Michigan Tech kilicho ng'ambo ya maji, Houghton. Kifupi, ila kimesimama wima kuliko futi zake zinavyodai. Kizuri kwa siku moja ukiwa tayari upo huko. Kusafiri siku nzima kwa ajili yake tu, hapana.

4. Ski Brule, Iron River. Futi 500. Kipandishe hadi cha kwanza ukienda Novemba, kwa sababu mara nyingi hufungua mapema kuliko wenzake.

5. Mount Bohemia. Nimekiweka mwisho, na wenye kilima wenyewe watakubali: wameweka mabango ya kukataza wanaoanza. Hakuna mashine za kutengeneza theluji wala za kuisawazisha. Unateremka katikati ya miti, na mti haukupishi. Tatizo ni pasi yake ya msimu, ambayo kwa miaka mingi ilitangazwa kwa dola 99 katika mauzo ya siku chache mwanzoni mwa Desemba. Kila mwaka alikuwapo mgeni aliyeiona bei hiyo akanunua za familia nzima.