Siku moja kwenye mitaa ya Siri ya Mtungi, Bagamoyo: inafaa nauli yako?

Assalaam aleikum, habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena. Leo sina simu mkononi ya kuwafungulia boksi, wala blenda. Leo nachambua safari. Nimekwenda Bagamoyo siku nzima kufuata mitaa ilikoshutiwa tamthilia ninayoipenda kuliko zote, Siri ya Mtungi, na wengi wenu mmekuwa mkiniuliza kama inafaa nauli na muda wa mtu. Inafaa. Ila ukiifanya kwa namna wanavyoiuza pale mjini, utarudi umeona Bagamoyo nyingine kabisa.

Kwa wadogo zangu ambao haikuwakuta: ni tamthilia ya MFDI, watengenezaji wa filamu wa hapa Tanzania, ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni zetu mwishoni mwa mwaka 2012. Cheche ni kijana mpiga picha anayetafuta maisha, mkewe ni Cheusi, na hadithi inakwenda Dar es Salaam na kurudi, lakini nyumbani ni Bagamoyo. Mimi ilinikamata kwa sababu moja. Tangu nikiwa mtoto, Bagamoyo ikitokea kwenye televisheni ni minyororo, Wajerumani, magofu, na msimulizi mwenye sauti ya msibani. Hapa kwa mara ya kwanza nikaona watu wa Bagamoyo wananuniana, wanadaiana, wanaanika nguo, wanapendana. Mji ulikuwa hai.

Sasa maandalizi, na hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo ziara yote inapolala. Usiku mmoja kabla nilikaa na vipande vya tamthilia, na kila nilipoona kona, ngazi au mlango nyuma ya waigizaji, nikapiga skrinshoti. Nikapata picha 23. Bila picha hizo utazunguka tu na kusema "panafanana fanana".

Usafiri ni rahisi: gari nilipandia Makumbusho, ni kilomita 70 hivi. Ondoka alfajiri. Bahari ya Bagamoyo iko mashariki, kwa hiyo asubuhi jua linatokea majini na ufukwe wote unawaka, majahazi yanaonekana kama yamechorwa. Ukifika saa sita mchana mwanga unapiga utosini, kuta zote zinakuwa nyeupe, picha zako hazitalingana na zile za tamthilia hata kidogo. Kuta zinazotazama magharibi zisubirie jioni.

Pale Mji Mkongwe nililipia kiingilio, nikachukua na mwongozaji. Kijana anajua kazi yake, namsifu. Alinieleza kwamba Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka mwaka 1891 walipohamia Dar es Salaam, akanionyesha Boma lao la mwaka 1897, Ngome Kongwe, karavanserai walikofikia wapagazi wa misafara ya kutoka bara. Akanisimamisha mbele ya milango ya nakshi, akanifundisha kuisoma: hili ua, huu mnyororo, hii mitende. Haya yote ni mazuri na yanafaa kulipiwa. Lakini nilipomtolea simu na kumwonyesha skrinshoti zangu, akaniambia hizo hazimo kwenye ziara. Na kweli, kutwa nzima sikuona kibao hata kimoja kinachosema hapa palishutiwa chochote. Hilo liliniuma, siwafichi.

Basi nikamshukuru, tukaagana, nikaanza upya peke yangu kwa miguu. Na hapa ndipo safari ilipoanza kunilipa.

Ukishuka kwenye Barabara ya India utaziona nyumba za mawe ya matumbawe, chokaa imebanduka, boriti zimechungulia, na chini kuna baraza ambapo watu bado wanakaa. Mahali pa kulinganisha picha si penye jengo kubwa. Ni kwenye vichochoro vinavyoshukia baharini. Tafuta vitu visivyohama: pembe ya ukuta, idadi ya ngazi, nguzo. Rangi isikudanganye, imeshapakwa mara ngapi sijui. Kati ya picha zangu 23 nilizipata tisa ambazo naweza kuzisimamia. Nyingine niliziacha, sitaki kuwaonyesha ukuta wowote na kuwaambia ndio wenyewe.

Ya kumi sikuipata mimi. Niliketi kwa bibi mmoja anayeuza vitumbua, nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitika, "Marahaba mjukuu wangu, mbona unapiga picha kuta tupu?" Nikamweleza. Akacheka, akasema anakumbuka walipokuja na mataa yao, mtaa mzima ukaombwa kunyamaza, hata jogoo wake akafungiwa ndani. Nikampa simu. Mimi nilikuwa namwonyesha waigizaji. Yeye akaweka kidole nyuma yao, pembeni kabisa ya kioo.

"Mlango wangu huo!"

Mlango wenyewe ni wa mbao za kawaida, buluu, hauna nakshi hata moja. Aliutia marehemu mumewe. Mchwa waliula miaka mingi iliyopita, sasa pana geti la chuma, na bibi hana picha yake nyingine yoyote. Akaishika ile simu muda mrefu. Vitumbua vikaanza kuungua, ikabidi mimi nivigeuze.

Ndugu zangu, milango ya nakshi ina watu wa kuilinda na kuieleza. Mlango kama ule hakuna mtaalamu aliyewahi kuupiga picha, ila tamthilia iliupitisha kwa sekunde mbili tatu nyuma ya watu wanaozungumza. Ndiyo maana nawaomba waongozaji wa Bagamoyo, kwa heshima zote, waongeze saa moja tu kwenye ziara yao. Wateja tupo.

Kwa haraka haraka mengine: soko la samaki usilikose, nenda wanaposhusha, na kula palepale kwenye makarai. TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981, kipo karibu na bahari, na ukibahatika utakuta wanafunzi wapo kwenye mazoezi ya ngoma. Kaole ni pazuri mno, ila ni kilomita tano hivi kusini na panahitaji siku yake. Ufukweni kuelekea huko usitembee peke yako. Na mkipiga picha za watu, ombeni kwanza. Mnafuata nyayo za mpiga picha, fanyeni kama mpiga picha.

Alama zangu: ziara ya kununua, saba kwa kumi. Ziara ya kujitengenezea na skrinshoti zako, tisa. Moja nimeitoa kwa sababu ya kibao kinachokosekana.

Na hii hapa, ngoja niisogeze kwenye kamera, mnaiona? Nimekwenda kuisafisha studio jana, saizi kubwa, nikakata waigizaji pembeni, ukabaki mlango. Jumamosi naipeleka.