Foliki asidi ya mg 5 kwa mwenye selimundu: nunua iliyo tupu

Katika nyumba yenye mgonjwa wa selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopindisha chembe nyekundu za damu, kidonge hiki kidogo cha manjano hakikosekani. Kinapatikana karibu kila duka la dawa na bei yake ni nafuu. Tunakipendekeza kwa sharti moja: iwe foliki tupu, isiyochanganywa na madini ya chuma.

Kwanza kazi yake. Chembe nyekundu za kawaida huishi kama siku 120. Zenye selimundu huvunjika ndani ya siku 10 hadi 20. Uboho, yaani ute wa ndani ya mifupa, unalazimika kutengeneza nyingine bila kupumzika, na foliti, vitamini ya kwenye vyakula ambayo foliki ni aina yake ya kidonge, ni malighafi inayotumika kwa wingi hapo. Kidonge kinajazia foliti, basi. Hakinyooshi chembe zilizopinda wala hakizuii maumivu ya mifupa, na anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakupotosha. Hata jaribio la foliki kwa watoto 117 wenye selimundu nchini Jamaika, lililochapishwa mwaka 1983, halikuonyesha tofauti ya wazi katika wingi wa damu wala ukuaji. Bado tunaona kinafaa, kwa kuwa madhara yake ni machache na milo mingi ya nyumbani haina uhakika wa foliti.

Tatizo huanzia kaunta. Mzazi akisema tu "naomba dawa ya kuongeza damu", mara nyingi anapewa FEFO (kidonge cha chuma na foliki pamoja) au sirapu nyekundu yenye chuma. Hizo zina kazi yake kwa mjamzito au kwa mtu aliyepungukiwa chuma. Mwenye selimundu ni habari nyingine: chembe zake zikivunjika, chuma chake kinabaki mwilini na kutumika upya, na kila chupa ya damu anayoongezewa inaleta miligramu 200 hadi 250 zaidi. Mwili hauna njia ya kukitoa, hivyo kinajikusanya kwenye ini na moyo. Isitoshe, kidonge cha FEFO huwa na chuma cha mg 60 hivi na foliki ya mg 0.4 tu, yaani chini ya sehemu ya kumi ya foliki iliyomo kwenye kidonge cha mg 5. Soma lebo: ukiona "ferrous" au "iron", rudisha. Wapo wagonjwa wa selimundu wanaopungukiwa chuma kweli, hasa watoto wasiowahi kuongezewa damu, lakini hilo huamuliwa na daktari baada ya kipimo cha feritini (protini inayoonyesha akiba ya chuma mwilini), nacho kisipimwe siku za homa au maumivu kwa sababu hupanda chenyewe.

Matumizi ni rahisi: kidonge kimoja kwa siku, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja mara nyingi huandikiwa nusu. Kisage kati ya vijiko viwili, changanya na uji wa kijiko kimoja, mpe kwanza kabla ya chakula chenyewe. Ukikimwaga kwenye kikombe kizima cha uji na mtoto akaacha nusu, hujui amepata kiasi gani. Nusu mbili zisipolingana usihangaike, foliki inayozidi hutoka kwa mkojo. Ukisahau siku moja, endelea kesho bila kuongeza.

Ufungaji ndio udhaifu mkubwa wa bidhaa hii. Vidonge hutolewa kwenye vibahasha vya plastiki angavu, ilhali mwanga na unyevu huharibu foliki. Omba chupa ya kahawia yenye kifuniko, ubandike jina la dawa na tarehe ya mwisho, na usiiweke dirishani wala karibu na jiko.

Kidonge hakiondoi haja ya mboga. Nusu kikombe cha kunde zilizoiva kina foliti ya mikrogramu 100 hivi, robo ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Mchicha upikwe kwa dakika chache na maji yake yaliwe. Ukichemsha sana na kumwaga maji, foliti imekwenda nayo. Maji ya kunywa, penisilini ya watoto ya kuzuia maambukizi na haidroksiurea (dawa ya kupunguza makali ya selimundu) kwa walioandikiwa vibaki palepale.

Wawili waulize kliniki kabla ya kumeza. Mjamzito anayepewa SP ya kuzuia malaria, kwa sababu foliki ya mg 5 hupunguza nguvu ya SP; na anayetumia fenitoini kwa kifafa, kwa kuwa foliki inaweza kushusha kiwango chake kwenye damu. Asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa naye apimwe vitamini B12, maana foliki nyingi huficha upungufu wake huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuumia.

Na mtoto akipauka ghafla viganja na midomo, au bandama ikivimba chini ya mbavu za kushoto, usiongeze kidonge. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.